Nilimpeleka Mkwe Wangu Polisi kwa Sababu ya Mchezo wa Simu

Ndugu wasomaji, kosa ni langu. Hakuna aliyenisukuma. Jina langu sisemi, maana hapa Likasi, Kongo, watu tunajuana, na hata majina ya watu wa nyumba yangu hapa nimeyabadilisha. Lakini nimechoka kubaki na jambo hili peke yangu.

Mimi ni mjane, nauza unga na samaki wakavu soko la Kikula. Nilikuwa naishi na mwanangu wa pekee, nimwite Patrick, aliyekuwa na kazi kiwandani, pamoja na mke wake, nimwite Solange, na binti yao mdogo aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea.

Solange hakunikosea kitu. Hilo mlijue mapema. Alipika, alifua, alinisalimu kwa kupiga magoti. Lakini kila alipomaliza kazi, kama umeme upo, alivaa spika za masikioni, akachukua simu, akaanza kupiga watu risasi. Ule mchezo wa vita, wenye bunduki na visu na nyumba zilizobomoka. Alikuwa anaongea na watu nisiowaona: mumufuate kwa nyuma, mumumalize. Mwanamke wa ndoa, mama wa mtoto, anasema maneno kama hayo huku anacheka!

Nilianza kumchunguza. Akikata nyama, nilitazama anavyoshika kisu. Akinyamaza, nilijiuliza anawaza nini. Akicheka, nilijiuliza zaidi. Kanisani mhubiri wetu alisema michezo ile inaingiza roho ya kuua ndani ya nyumba, na majirani nao walisema wezi wa siku hizi wanajifunzia huko huko. Nikarudi nyumbani kama mtu aliyeonyeshwa adui yake kwa kidole. Nikawa sili mpaka nimwone yeye amekula kwanza.

Patrick naye alikuwa na mchezo ule ule kwenye simu yake. Ni yeye aliyemfundisha mkewe. Lakini kwa Patrick niliuita mapumziko ya mtu aliyechoka.

Wiki moja niliwasikia wakibishana chumbani. Solange alikuwa anamuuliza kwa nini nguo zake za kazi zinarudi na udongo wa namna ile. Patrick akamkaripia. Nikasema moyoni, huyu mwanamke sasa anatafuta vita vya kweli. Kesho yake nikamsikia, simu mkononi, anasema kwa furaha: "Nilimupata kwa mugongo."

Siku iliyofuata, jioni, Patrick aliingia ameinama, shati limelowa damu. Alikuwa amechanwa mgongoni, karibu na bega. Alisema wezi wamemvamia njiani. Sikuamini. Simu alikuwa nayo mfukoni, viatu miguuni. Wezi gani hao? Na Solange hakuwa nyumbani. Aliingia nyuma yake kidogo, anahema, mtoto mgongoni, anasema jirani ndiye aliyemwita kwamba mumewe anaonekana barabarani anayumba.

Tulimpeleka kwenye kituo cha afya, wakamshona, akashikwa na homa kali. Asubuhi, badala ya kwenda sokoni, nilikwenda polisi.

Niliwaambia mkwe wangu amemchoma mwanangu kisu. Waliniuliza kama nimeona. Nikasema sikuona, ila nilimsikia kwa masikio yangu akisema amempata mgongoni. Sikuwaambia kwamba aliyasema hayo siku moja kabla ya jeraha, akicheza na simu. Nilijua. Nilinyamaza.

Walikuja kumchukua mbele ya kartie nzima, mtaa wote ukitazama. Solange hakupiga kelele. Alifungua kitenge, akanikabidhi mtoto mwenyewe.

"Mama," akasema, "umupe buji ya unga. Maziwa ya ngombe inamuumizaka tumbo."

Wakaenda naye kasho, mahabusu ya polisi. Majirani wakaja kunipa pole, na mimi nikawa kama mwalimu, nawaeleza jinsi michezo inavyoharibu watu.

Homa iliposhuka, Patrick aliambiwa. Akasema si mke wake, ni wezi. Nilimwambia asimwogope, polisi wako upande wetu. Akageukia ukutani. Baadaye akaniomba nifunge mlango.

"Mama, kazi ya kiwanda iliisha zamani. Balitufukuza bengi. Miye nilikuwa naenda kuchimba Shinkolobwe."

Ule mgodi wa zamani ambako serikali imekataza kuchimba. Akanieleza kwamba waligombana shimoni juu ya nani achimbe wapi, na alipoinama kufunga gunia, mwenzake mmoja akampiga kwa ukingo wa beleshi. Alisema wezi kwa sababu aliogopa kufungwa, na aliona haya kwangu na kwa mkewe.

Na mimi, mnitazame vizuri, nikamuuliza kama mtu huyo anacheza michezo ile.

Patrick akanijibu: "Mama, ule muntu hana hata simu."

Alikwenda polisi kwa miguu yake, bandeji mgongoni, akasema yote. Walimzuia yeye kwa muda, wakamtoa Solange mchana ule ule. Nilikuwa nje namngoja na mtoto. Mikono yake ilikuwa imejaa alama za mbu. Nikaanza kumweleza mambo ya mchezo, ya mhubiri, ya damu niliyoiona. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ule nilimupata kwa mugongo ni kaka yangu wa Kolwezi," akasema. "Tunachezaka naye tangu mama yetu alikufa. Ule mchezo njo fasi yetu ya kuongea. Lakini Mama, weye haukuogopa simu. Ulinichukia tangu siku ya kwanza. Nilikuwa najua."

Patrick alikuwa wangu peke yangu tangu baba yake afariki, kisha akaja mtu mwingine anayejua anapenda kula nini. Huo ndio ukweli. Mchezo ulinipa tu sababu ambayo ningeweza kuisema mbele za watu.

Solange alichukua mtoto akaenda kwa kaka yake. Patrick alipoachiwa alimfuata. Nasikia mjukuu wangu sasa anaongea. Sauti yake siijui.

Sisemi michezo ile ni mizuri. Bado siipendi, na huenda kuna anayeharibika nayo. Lakini ninyi mnaokaa na wake za watoto wenu, mkianza kumshuku mtu, mjichunguze mnamshuku kwa lipi. Kisha mketi naye, mmuulize. Mimi nilimuuliza mhubiri, nikawauliza majirani, nikaenda mpaka polisi. Solange mwenyewe, aliyekuwa ananiandalia chakula kila siku, sikumuuliza hata neno moja.