Kwa Nini Nililitoa Lile Jiko Chumbani

Nakumbuka Jumamosi moja ya mwezi wa sita, mwanangu, na kabla sijaendelea weka hiyo simu pembeni, maana habari hii nikikatizwa katikati sitakuwa na nguvu ya kuianza tena. Najua umeninunia. Asubuhi nimefika hapa kwenu mtaani Sakina, sijavua hata viatu, nikakuta umejifungia chumbani na wadogo zako wawili, jiko la mkaa linawaka katikati, dirisha limefungwa, na ninyi mmejikunyata chini ya blanketi mnatazama katuni. Nikapiga kelele mpaka majirani wakachungulia. Nikalibeba jiko mwenyewe hadi uani, likaniunguza vidole, na wadogo zako nikawatoa nje kwa kuwavuta mikono. Ukaniuliza, Bibi, kwani nimekosea nini na baridi yote hii? Sikukujibu. Sasa wenzako wamekimbia hadi wamechoka, wako jikoni wanakunywa uji, na mimi hasira zimeshuka. Nitakujibu.

Nilikuwa na miaka kumi na tano, umri wako kasoro mwaka mmoja. Tulikuwa tumepanga chumba kimoja na kibanda cha kupikia cha nje kule Ngarenaro, nyumba yenye wapangaji sita na ua mmoja. Baba alikuwa fundi baiskeli. Mama, yaani aliyemzaa bibi yako huyu, alikuwa Mmeru wa Poli, amekulia mlimani kwenye kahawa na migomba, na mjini alikuwa akiuza ndizi sokoni. Mimi nilikuwa wa kwanza, nyuma yangu kulikuwa na Eliamani, miaka saba, na wa mwisho alikuwa Namsifu, miaka mitano. Hujawahi kulisikia jina la Namsifu. Hata mama yako hajawahi kulisikia, na hilo ni kosa langu la pili, nitalifikia.

Baridi ya Arusha unaijua. Mlima unafunikwa wiki nzima, manyunyu hayanyeshi wala hayaachi, na shule zinafungwa wakati huohuo, watoto wote wako nyumbani. Basi mama yangu alikuwa na tabia yake. Kila asubuhi ya likizo, kabla hajaenda sokoni, alitutoa uani, akaikaza kanga kiunoni, akachukua mpira wa soksi na kucheza rede na sisi. Mtu mzima, mama wa watoto watatu! Anarusha upande huu, mimi narusha upande ule, Namsifu na Eliamani wako katikati wanakwepa na kupiga kelele. Wapangaji wenzetu walimcheka waziwazi, wakasema yule mama wa Poli amechanganyikiwa, anawalowesha watoto kwa manyunyu badala ya kuwapa blanketi. Yeye aliendelea kurusha mpira. Akishaona watoto wanatoka jasho, anafuta uso, anajitwika ndizi zake, ananiachia maneno yaleyale ya kila siku: wachezeshe mpaka wapate joto, wakikaa waamshe, nguo zikilowa wabadilishe, na jiko lisiingie chumbani. Basi. Mama yangu hakuwa mtu wa kueleza.

Na nilikuwa nikiwachezesha vizuri, usidhani nilikuwa mtoto mbaya. Tulicheza kombolela na kopo la maziwa, tuliruka kamba, tulisukuma matairi ya baiskeli yaliyomshinda baba kuyaziba. Namsifu kwenye kombolela alikuwa na mahali pamoja tu pa kujificha, nyuma ya pipa la maji, siku zote hapohapo, na miguu yake ilikuwa ikionekana. Nilikuwa nazunguka ua mzima nikijifanya simwoni, naye anajiziba mdomo kwa mikono miwili asicheke. Alikuwa anatoka pale amelowa mabega, mashavu ya moto. Sikuwahi kumwona mgonjwa kwa ajili ya manyunyu, hata siku moja.

Sasa hiyo Jumamosi. Kesho yake, Jumapili, nilikuwa napata kipaimara. Wewe umeshapata, unajua jinsi kichwa kinavyokuwa. Gauni jeupe lilikuwa limeshashonwa, viatu nimeazimwa, kilichobaki ni nywele tu. Nyumba ya tatu kutoka kwetu kulikuwa na dada mmoja fundi wa nywele za uzi, akatuambia wasichana wa kipaimara twende kwake asubuhi, mchana hatakuwepo. Mama ameshaenda sokoni, baba yuko kazini. Ningeweza kwenda na watoto. Nimeifikiria hiyo miaka yote hii: ningeweza kwenda nao, wakacheza kwenye ule ua mwingine, ningewaona. Lakini nilitaka kukaa na wenzangu, tuongee mambo yetu, bila mtoto wa kunivuta gauni.

Namsifu alikuja na ule mpira wa soksi ameushika kwa mikono miwili. Akaniambia, "Dada, mama amesema unirushie."

Nikamwambia, "Kesho. Kesho nitakuchezesha siku nzima."

Nikawasha jiko uani. Nikalingoja mpaka moshi ukaisha na mkaa ukawa mwekundu, nikaona hapo sasa ni salama, maana hakuna tena moshi wa kuwawasha macho. Nikaliingiza chumbani. Nikafunga dirisha, nikasokota tambara na kuziba chini ya mlango upepo usiingie. Nikawapa vijiwe wacheze mdako, nikawafunika miguu kwa blanketi, nikatoka na kufunga komeo kwa nje wasije wakakimbilia barabarani. Nilijiona dada mwema kabisa, mwanangu. Nilikuwa nimewaacha kwenye joto, siku ambayo nje hata kuku walikuwa wamejikunja.

Kule kwenye nywele tulicheka sana. Zamu yangu ilichelewa, nikasema si kitu, wako pazuri. Nilipomaliza, nikajitazama kwenye kioo mara mbili, tatu, nikajipenda. Nikarudi nyumbani nikitembea polepole, nimejifunika kanga kichwani ili nywele zisilowe.

Nilipofungua komeo, mlango ulikuwa mzito. Eliamani alikuwa amelala chini nyuma yake, ametapika, mikono iko kwenye mbao za mlango. Namsifu alikuwa palepale nilipomwacha, kwenye blanketi, amelala ubavu, vijiwe viko mbele yake. Nilidhani amelala usingizi. Mungu anisamehe, kabla sijafanya jambo lolote nilimvutia blanketi begani, nikamfunika vizuri. Kisha nikamgeukia Eliamani, nikamwinua, hakuweza kusimama, na hapo ndipo nilipoanza kupiga mayowe.

Wapangaji walikuja mbio. Mmoja akambeba Eliamani, mwingine akambeba Namsifu, wakakimbia nao hadi barabarani, wakapata gari, wakawafikisha hospitali. Eliamani alifungua macho jioni. Namsifu hakufungua. Daktari alimweleza baba kwamba mkaa ukiwaka ndani bila hewa kupita hutoa sumu isiyoonekana wala kunuka, na mtoto aliyekaa kimya chini ya blanketi analala tu. Hajui hata kwamba anadhurika.

Tulimzika Poli, kwenye shamba la babu, upande wa juu ambako migomba imesogeana. Wenzangu walipata kipaimara Jumapili ile, nikasikia baadaye walivyoimba. Mimi nilikaa nyuma ya nyumba ya babu nikizifumua zile nywele uzi mmoja mmoja, hadi kichwa kikauma.

Nikawa nangoja kukaripiwa. Mama yangu alikuwa mkali, mwanangu, mkali kuliko mimi, na hilo wewe uliyenisikia leo asubuhi utalielewa. Nilingoja anipige, anitukane, anifukuze hata. Siku zikapita, wiki zikapita, hasemi kitu. Anapika, anafua, ananipa chakula changu. Nilikonda kwa kungoja. Kumbe angenipiga siku ile ya kwanza ningepumua.

Tulikuwa tumesharudi Ngarenaro, na baridi bado ipo, mwezi wa saba. Asubuhi moja mama aliniita kwenye kile kibanda cha kupikia, akanikalisha kwenye kigoda, yeye akabaki amesimama.

"Nilipoolewa na kuletwa hapa mjini," akasema, "chumba cha pili kutoka chetu kulikuwa na watu wawili, mke na mume, vijana. Waliingiza jiko ndani msimu kama huu. Nikaona wanavyotolewa. Tangu hapo nikaapa mtoto wangu hataota moto chumbani, atakimbia mpaka apate joto lake mwenyewe. Lakini habari za kifo sikutaka kuzisema mbele ya watoto. Nilikupa kazi, sikukupa sababu. Kosa hilo ni langu."

Nikamwambia, "Mama, ni mimi niliyefunga komeo."

"Najua," akasema. "Hilo ni lako, na siwezi kukubebea. Mlete mdogo wako nje."

Nikadhani anatupeleka mahali. Akaikaza kanga kiunoni, akachukua mpira wa soksi, uleule. Eliamani akasimama katikati ya ua na hakutaka kuruka, alikuwa analia, anatazama pembeni pale alipokuwa akisimama mwenzake. Mama akarusha mpira ukampiga tumboni. Akarusha tena. Mimi nikaudaka nikarusha. Mara ya nne au ya tano mtoto akakwepa, mwili tu ulikwepa wenyewe. Tukacheza hivyo, mama analia, mimi nalia, Eliamani analia huku anaruka, na wapangaji wamesimama milangoni mwao na safari hii hakuna aliyecheka. Tukacheza mpaka akatoka jasho.

Mama aliendelea hivyo kila asubuhi ya baridi mpaka Eliamani akawa mkubwa wa kumkataa. Ndiye huyo babu yenu Eliamani wa Poli, mnayemcheka kila Krismasi kwa sababu anasahau majina yenu na anauliza jambo moja mara tatu. Kichwa chake hakikurudi sawa baada ya siku ile. Shule ilimshinda, naye alikuwa mtoto mwerevu. Mkimcheka mimi nakwenda kuosha vyombo. Mlikuwa hamjui, siwalaumu. Lakini sasa wewe unajua.

Na hili ndilo kosa langu la pili. Nimewalea watoto wangu wanne kwa amri tupu, kama nilivyolelewa. Tokeni nje, chezeni, jiko lisiingie ndani. Mama yako na kaka zake walikuwa wakiniita refa, wakasema mama yetu ana wazimu wa michezo. Nilicheka nao. Sikuwahi kuwaambia sababu, kwa aibu, mwanangu, aibu tu, sitaki nikudanganye kwamba ni kitu kingine. Na kwa kunyamaza kwangu leo nimekuta jiko limewaka katikati ya wajukuu zangu, na aliyeliwasha ni mtoto mwenye moyo mzuri aliyewahurumia wadogo zake. 

Basi sikiliza nasaha yangu, na sababu umeshaipata. Likizo hii mama yako anakwenda kazini, amekuachia hawa wadogo, na baridi bado ina wiki nyingi. Jiko lisiingie chumbani, hata kama mkaa umekolea, hata kama ni kwa dakika chache. Mtoto akilalamika baridi usimpe blanketi kwanza, mpe mchezo. Wavishe sweta na soksi, watoe uani, rusha mpira, waruke kamba, wafukuzane. Wakirudi ndani wamelowa wabadilishe nguo na uwape kitu cha moto. Mvua ikizidi kabisa, sogeza meza hapo sebuleni waruke hapo, makochi ya mama yako yatapona. Katuni wataangalia wakishachoka, sikukatazi, lakini wasishinde wamekaa kutwa nzima, maana mtoto aliyekaa kimya siku nzima hata akiwa mgonjwa hutamjua. Na usiwatume wacheze peke yao huku wewe umekaa kibarazani na hiyo simu. Ingia katikati, urushiwe wewe. Wakikuomba uwachezeshe, usiwaambie kesho. Nakuomba hilo kuliko yote.

Nitamwambia mama yako leo akirudi, nami nitamwambia mbele yako ili nisipate njia ya kukwepa. Na tukienda Poli nitakuonyesha pale kwenye migomba.

Usilie. Au lia kidogo, kisha ufute uso, maana uji wameshamaliza, nawasikia wanagombana. Mungu akupe miguu myepesi na subira kwa hawa wadogo. Akulinde na kosa unalolifanya kwa upendo. Na kila jioni ya baridi hii, mama yako akishuka kwenye gari na kufungua geti, Mungu amjalie awakute wadogo zako wote wawili.