Chumba Kilichogoma Mlangoni kwa Mzee Zein

Ilitangazwa rasmi, pale ufukweni Mama Ngina, mbele ya wageni waalikwa na bendi ya shule, kwamba gari jipya la zahanati lina chumba kinachotoka ubavuni mwake kama mtoto wa meza. Kwamba chumba hicho hutoka na kurudi kwa kubonyezwa kitufe kimoja. Na kwamba hakihitaji mkono wa mtu. Bwana Maxwell, mratibu wa shirika lenye gari hilo, aliyarudia maneno hayo ya mwisho ili waliokaa nyuma nao wafaidi. Watu wakapiga makofi. Ngowa, dereva na fundi wa gari hilo, alipiga makofi pia, kwa kuwa alisimamishwa mstari wa mbele na hakuwa na pengine pa kuweka mikono.

Huo ulikuwa mwaka wa tisini na sita. Ngowa alikuwa mtu wa Kaloleni aliyevuka kuja kisiwani akiwa barobaro, akafanya kazi ya kukalafati majahazi bandari ya kale, yaani kuziba nyufa za mbao kwa pamba na mafuta. Majahazi yalipopungua akahamia Mwembe Tayari kutengeneza mabasi ya bara. Alijua chombo kinachoingiza maji na alijua injini inayotoa moshi. Nyumba inayotoka mbavuni mwa gari hakuifunzwa na mtu.

Gari lililazwa Kibarani, katika yadi ya shirika, ambako upepo wa chumvi na moshi wa jaa hupokezana zamu. Haukupita muda, reli mbili za chuma ambazo chumba kilitelezea juu yake zikaanza kuota kutu. Gari lilikuja na kopo la dawa ya kupuliza, dawa kavu isiyonasa vumbi. Kopo likaisha. Ngowa akaomba jingine. Ofisi ikamjibu kwamba, kama ilivyotangazwa, chumba hakihitaji matengenezo.

Basi akafanya alilolijua. Alikwenda bandari ya kale akarudi na debe la sifa, mafuta ya papa yanayopakwa majahazi, akazipaka reli zikang'aa. Chumba kikawa chatoka na kurudi kama ulimi. Gari likanuka kama soko la samaki, na paka wa kila mtaa wakawa wagonjwa wa kwanza kufika.

"Fundi," alisema Eddah, muuguzi wa gari, mtu wa Murang'a asiyekula samaki, "hii zahanati ama ni jiko?"

"Chuma kimetulia, sista."

"Chuma kimetulia, mimi natapika."

Hivyo ndivyo walivyofika Mji wa Kale kuchanja watoto. Mahali pekee gari lilipoweza kusimama palikuwa kijiuwanja kilicho nyuma ya Ndia Kuu, mbele ya nyumba ya Mzee Zein, na chumba kikitoka kilifika hadi barazani kwake, kikauziba mlango mkubwa. Mzee Zein aliridhia kwa sharti moja. Jumapili alikuwa akimwoza bintiye, na bi harusi angetoka alasiri kwenda kwa mumewe.

"Mwanangu, nyumba hii ina mlango wa mbele na mlango wa uani," alimwambia Ngowa. "Wa uani watoka taka, na maiti akioshwa watoka maji. Binti yangu hatoki huko."

"Adhuhuri ikiadhiniwa, mlango wako u wazi, mzee wangu. Ni kitufe tu."

Alilitoa neno hilo mwenyewe, kwa kinywa chake, na mbele ya mashahidi waliokuwa wakipaka nyumba chokaa kwa ajili ya harusi. Walikwangua chokaa ya zamani na kupaka mpya, siku mbili nzima, chumba kikiwa nje, na vumbi jeupe likashuka taratibu juu ya chumba, juu ya paka, na juu ya reli.

Jumapili, adhuhuri ikaadhiniwa. Ngowa akabonyeza kitufe. Mota ikanguruma, chumba kikasogea kiasi cha kiganja, kikainama upande mmoja kama mtu aliyeitwa jina, kikasimama.

Akabonyeza tena. Kikanguruma, hakikwenda.

Akakagua betri, nzima. Akawasha injini ili umeme uzidi. Umeme ukazidi, chumba kikabaki. Akatazama fyuzi, zote salama, jambo lililomuudhi, kwa maana fyuzi iliyoungua angalau hubadilishwa. Akachukua hendeli ya kuzungushia kwa mkono, akaitia mahali pake, akazungusha. Pini ya hendeli ikakatika. Akakaa chini ya gari na kipande cha pini mkononi, akayasema maneno ya Kigiriama ambayo mamake hakumfunza.

Bwana Maxwell alifika na tai yake. Aliinama kidogo, si sana, kwa sababu ya suruali.

"Umebonyeza?"

"Nimebonyeza, bwana."

"Bonyeza tena."

Ngowa akabonyeza tena. Mota ikatoa harufu ya kuungua, ikaizidi ile ya papa kwa mara ya kwanza.

"Labda huibonyezi vizuri," alisema Bwana Maxwell.

Mzee Zein alichungulia kupitia upenyo uliobaki kati ya chumba na nguzo ya mlango. Lilionekana jicho moja na nusu ya kofia. "Ngowa mwanangu, waliokuja kula walima wameingilia uani, nikanyamaza. Watu ni wanaume, tumbo halichagui mlango. Lakini alasiri yaja."

"Naam, mzee wangu."

"Nasema tu."

Ngowa akarudi chini na kisu. Akakwangua kipande cha ule uchafu mweupe ulioganda relini, akaufinya, akaunusa. Alikuwa akiujua tangu ujana wake. Mafuta na chokaa vikichanganywa, ndiyo deheni: dawa ya kupakwa tumbo la jahazi ili lishikamane na maji yasipite. Alikwisha kuipika kwa madebe. Sasa ameipika relini bila moto, kwa sifa yake mwenyewe na chokaa ya Mzee Zein, na imeshika vizuri, kazi ya mtu anayejua.

"Umepata?" Eddah aliuliza.

"Nimepata."

"Ni nini?"

"Ni mimi."

Alikwangua kwa kisu, akaosha kwa mafuta ya taa, akakwangua tena, ngozi ya vidole ikatoka. Kisha akaifungua breki ya mota ili chumba kiwe huru. Hakikuwa na cha kukirudisha ila watu. Akawaomba wanaume wa walima, nao wakatoka kwa mlango wa uani wakazunguka, mikono ikiwa bado na biriani, wakaegemea ukuta wa chumba wakasukuma, kila mtu kwa nguvu zake na wakati wake. Upande wa mbele ukaingia, wa nyuma ukakataa. Chumba kikapinda, kikalia.

"Basi, basi! Mwasukuma kama mwafukuza mbuzi," Ngowa alisema. Akawagawa, nusu mbele, nusu nyuma, akasimama katikati kama msimamizi wa kushua jahazi majini, akaanza wimbo wa kazi. Wazee wakauitikia kwa mazoea, vijana kwa aibu. Wakasukuma panapoitikiwa tu, wakatulia panapoimbwa. Chumba kikaingia kidogo kidogo, pande zote mbili sawa, huku Bwana Maxwell akikishikilia kitufe asije mtu akakigusa.

Adhana ya alasiri iliwakuta wakifunga komeo la chumba. Mzee Zein akaufungua mlango wake pande zote mbili. Hakumshukuru Ngowa wala hakumlaumu. Alimpa sahani ya biriani iliyopoa na kumwambia anawe mikono kwanza. Bi harusi akatoka katikati ya vigelegele, ameziba pua kwa ncha ya mtandio.

Wiki iliyofuata shirika lilitangaza kwamba huduma za Mji wa Kale zilikwenda kama zilivyopangwa, na kwamba chumba kilifanya kazi barabara. Ngowa alikuwa Kibarani akiliosha gari. Ubavuni mwa chumba mlikuwa na alama za viganja, vya sifa na vya samli ya biriani, toka mbele hadi nyuma. Alisugua kwa sabuni, kisha kwa mafuta ya taa. Hazikutoka.