Sheni Ndani ya Gunia la Maharage

Jirani yangu hapa Kinindo ana gari la zamani. Kila asubuhi akiliwasha, injini huchakarika kwanza, chaka-chaka-chaka, kama kopo la misumari linalotikiswa, ndipo itulie. Wengine hukasirika. Mimi huiacha chai yangu ipoe, kwani sauti hiyo hunirudisha Buyenzi, uani kwetu, wakati baba alipofungua injini ya basi lake dogo na mama akaacha kumwamini.

Basi lenyewe lilikuwa kuukuu, la rangi ya maziwa yaliyochacha, na lilinuka ndagala, wale dagaa wa ziwani, hata liwe limetoka kuoshwa. Baba alibeba wachuuzi na samaki wao kutoka ziwani hadi sokoni, ndilo lililotulisha. Sheni, ule mnyororo wa ndani unaoendesha vali za injini, ilikuwa imelegea na kuchakarika hivyohivyo, na ikikatika, injini imekufa. Hivyo hakuna aliyeshangaa baba aliposukuma basi hadi uani. Kilichoshangaza ni kwamba alitaka kulitengeneza mwenyewe. Tena Buyenzi, mtaa ambao ukipiga chafya mafundi ndio wanaokuitikia!

Alimwaga oili, akatoa rejeta na puli, akafungua mfuniko wa mbele. Vipande akavipanga juu ya turubai. Kisha akakaa. Siku zikapita. Akawa anafuta boliti ileile kwa kitambaa huku akitazama mlango wa ua.

"Baba Zaituni," mama alimuuliza, "hiyo sheni itafika lini?"

"Iko njiani."

"Njia gani hiyo isiyoisha?"

Mama alianza kuamini kwamba baba anauza gari kipande kimoja kimoja. Akaninong'oneza nikitoka shule nikae uani, nione nani anaingia na nani anatoka na kitu. Nilikuwa mtoto mdogo, na kazi ya upelelezi ilinipendeza kuliko hesabu. Hata shangazi alipokuja na kikapu chake, nilikichungulia.

Halafu mama akanituma maharage. Nilizamisha mkono ndani ya gunia, vidole vikagusa kitu kizito, baridi, kilichofungwa kwa karatasi yenye grisi. Ilikuwa sheni mpya, inang'aa. Nikampelekea mama nikijiona shujaa. Hakupiga kelele. Aliitazama, akairudisha gunini, akaifunika vizuri.

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," alisema. Sikujua anasema kimya cha baba au chake mwenyewe. Usiku huo walikula bila kutazamana. Mimi nilikuwa na hakika baba ana mke mwingine huko Mutanga, na kwamba basi litakwenda kwake.

Kesho yake, baada ya swala ya alasiri, waliingia wanaume watatu nisiowajua. Siku zile mji ulikuwa na wasiwasi; kulikuwa na watu waliochukuliwa usiku wasirudi. Watu walifunga milango mapema na kusemezana kwa macho. Hawa walisalimia vizuri, vizuri kupita kiasi.

"Mzee Ramazani, tunaomba gari. Jumamosi usiku, safari moja tu."

"Kubeba nini?"

"Watu."

Baba akaonyesha kwa mkono. "Moteri iko wazi. Angalieni wenyewe."

Mmoja akachuchumaa, akaingiza kidole ndani ya injini. "Ni sheni tu hii. Mi naleta fundi, kesho inatembea."

"Sheni haijafika."

Yule mtu aliinuka polepole, akamgeukia mama aliyesimama mlangoni pa jiko. "Ni kweli, mama?"

Nikafungua mdomo. Nilijua jibu! Mkono wa mama ukaniangukia begani, ukanibana hadi mfupa.

"Usiniulize mi!" alifoka. "Kila siku iko njiani, iko njiani! Watoto watakula boliti? We unayejua fundi, mulete na sheni, maana mi nimechoka na huyu mwanaume!" Akaangua kilio, kilio cha kweli, kamasi na yote.

Wanaume wale walichekacheka, wakatazama viatu vyao, wakatoka. Hakuna anayependa kusimama katikati ya ugomvi wa ndoa.

Baba aliketi juu ya turubai. Mama akajifuta uso, akamletea chai, akaketi kando yake kati ya vile vipande.

Wale watu hawakurudi kwetu. Walichukua basi la Mzee Isa, jirani yetu wa pili. Jumamosi ilipokwisha kupita, baba alitoa sheni gunini, akalinganisha alama za magurudumu yake ya meno, akaizungusha injini kwa mkono kwanza, taratibu, kisha akaiwasha. Kazi yote ilimchukua asubuhi moja.

Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza mama kama alijua kwamba baba aliificha sheni kwa kuwa alishasikia wale watu wanatafuta magari. "Sikujua kitu," aliniambia. "Nilikuwa nimemukasirikia kabisa. Lakini nilimuona vile anavyowaangalia."

Basi la Mzee Isa lilirudishwa limeoshwa, hadi chini ya viti. Kwa akili yangu ya kitoto nilidhani wale watu ni wastaarabu, nikasikitika kwamba letu halikupata bahati ile. Mzee Isa hakuliendesha tena. Aliliacha mbele ya nyumba mpaka matairi yakalala, na siku tulipotaka kuchezea ndani yake, mzee yule ambaye hakuwahi kutugombeza alitufukuza kwa mawe, huku analia.