Chipu Isiyofuta

Nakumbuka siku moja ya mvua za masika, mwanangu, nikiwa fundi mchanga wa kompyuta pale Ahero, katika ofisi ya kutahadharisha vijiji kuhusu mafuriko. Kompyuta ya kusoma kina cha mto ilikuwa imetoka kutengenezwa Kisumu. Mawingu yalikuwa meusi upande wa Nandi, mto unakotoka, na nyanya yangu aliishi kando ya mto, miguu haimbebi tena. Nilitaka kuiunganisha kompyuta ile na mtambo wa tahadhari upesi.

"Iko sawa, Mzee," nilimwambia mkubwa wangu, Mzee Ochieng'. "Yenyewe imeandika iko sawa."

Akacheka mpaka chai ikamwagika. "Sasa wewe nyathina, mtoto wangu, unauliza mwizi kama ameiba? Nyani haoni kundule. Uliza ile chipu iliyo ndani yake."

Chipu yenyewe ni ndogo, imekaa kando ndani ya kompyuta. Kompyuta ikiwaka, kila programu hupimwa na iliyoitangulia kabla ya kukabidhiwa kazi, na kipimo hupelekwa kwa chipu. Nayo hukichanganya na vyote vilivyotangulia, ikabaki alama moja tu. Kufuta hakuna, maji yakimwagika hayazoleki; ni kuzima tu na kupima upya tangu mwanzo. Ni kama sisi tunavyojitaja, mwana wa fulani, mwana wa fulani: badilisha babu mmoja katikati, na ukoo wote si wako tena.

Mzee akaiuliza kutoka kompyuta nyingine, swali jipya kabisa, asije akarudishiwa jibu la jana. Ikajibu, na kutia sahihi ambayo hakuna awezaye kuiiga. Alama haikulingana na ile tuliyoihifadhi kompyuta ilipokuwa nzima. Tulipochunguza, tukakuta mtu amebadilisha programu ya kuwashia, na kompyuta ilikuwa ikituonyesha kina cha mto cha zamani, si cha siku ile. Nywele zilinisimama, mwanangu. Kitu kisicho na macho kilikuwa kimeona kila kitu.

Tukarudisha programu halisi, tukazima, tukawasha upya. Sasa alama ililingana, na kompyuta ikaonyesha mto ulikuwa umeshapanda. Ujumbe wa tahadhari ukatoka, na majirani wakambeba nyanya kabla maji hayajafika mlangoni pake. Hadi leo nikiiona kompyuta ikiwaka, naivulia kofia.

Basi sikia, mwanangu. Usijishuhudie wewe mwenyewe kuwa u mwema, kubali kuulizwa. Ulilotenda jana limeshachanganyika nawe. Ukiharibu, usifunike: rudi mwanzo, uanze upya hatua kwa hatua. Na Nyasaye, Mungu wetu, akujalie maisha ambayo, siku utakapoulizwa ghafla, jibu lako litalingana.