Pembe ya Asteria na Lori la Mawe

Asteria si mtu wa kupandisha hasira haraka, na majirani zake kwenye ile kona ya barabara inayopanda kutoka Hedaru kuelekea huku milimani watakuambia hivyo hivyo. Lakini msimu huu wa tangawizi alipandisha, tena alipandisha kweli, na mimi nasema alichelewa.

Nyumba yake iko juu kidogo ya kona. Sebuleni, kati ya kalenda ya usharika na picha ya harusi, inaning'inia pembe ya marehemu baba yake. Ni pembe ya msaragambo. Ikilia asubuhi, kila nyumba inatoa mtu na jembe, mnakwenda kutengeneza njia, mfereji, darasa, chochote kilichoharibika. Kaka zake walihamia Dar es Salaam na hakuna aliyeitaka, basi akaichukua yeye, na waliomcheka mwanzoni waliacha kucheka waliposikia anavyoipuliza. Kijiji kina kundi la WhatsApp siku hizi, lakini mtandao wa huku ni wa kubahatisha. Na msaragambo una desturi yake: pembe ikilia huulizi maswali. Unashika jembe unakwenda, utaelezwa huko huko.

Hapo ndipo walipochezewa.

Alikuja bwana mmoja wa mradi, viatu vinang'aa, akaitisha mkutano kwenye uwanja wa kanisa. Akasema mizigo inaongezeka nchini, barabara zinaelemewa, kwa hiyo umekuja mpango wa usafirishaji wenye tija. Malori madogo yanakula mafuta mengi kwa mzigo kidogo. Lori lisitembee tupu, likipanda wala likishuka. Kwa sababu hiyo Fuso la Wilbard, lori dogo pekee lililokuwa likipanda huku, halitapewa tena kibali cha njia ile, yatakuja malori makubwa.

"Ila kona yenu ni nyembamba, ndugu zangu," akasema. "Ipanueni tu, lori litawafikia."

Watu wakapiga makofi. Sijui walipigia nini. Fuso lile lilikuwa limebeba tangawizi yao, kabichi zao, bati za nyumba zao na hata majeneza ya wazee wao. Wilbard alisimama popote palipo na gunia, hata moja, na kama ulikuwa hujamaliza kulishona alikusubiri huku anakula makande yako. Mtu kama huyo ndiye aliyeitwa hasara, na yeye amekaa pale pale mbele anasikia.

Asteria akapuliza pembe. Watu wakaja kama siku zote, na kama siku zote hakuna aliyeuliza lori litabeba nini. Wanaume wakavunja mwamba, wanawake wakabeba udongo kwa karai, mzee Filemoni na mgongo wake mbovu akaja na nyundo yake mwenyewe. Kona ikapanuka ikala ukingo wa shamba la Asteria, na migomba iliyokuwa pale aliikata yeye kwa mkono wake.

Lori likaja, la magurudumu kumi. Asteria alikuwa kando ya barabara na magunia yake ya tangawizi. Mavuno yale ndiyo yaliyokuwa yampeleke binti yake, Jenifer, chuo cha uuguzi, na nafasi chuoni haimsubiri mtu. Akapunga mkono. Lori likapita, likamwachia vumbi. Kumbe lilikuwa linakwenda juu zaidi, kwenye machimbo mapya. Likarudi limejaa mawe, likapita tena.

Akampigia simu bwana wa mradi. Bwana alijibu kwa upole, na upole ule ndio uliomkera zaidi.

"Mama, tangawizi ni mzigo wa kuokotaokota. Lori likisimama kila mlango, tija inapotea. Mawe yako sehemu moja. Nyie teremsheni mizigo yenu Hedaru, pale magari yapo."

Wateremshe kwa kutumia nini, vichwa? Milima yote ile? Ndivyo walivyofanya bibi zao kabla barabara haijachimbwa, na barabara ilichimbwa na bibi hao hao kwa msaragambo.

Mvua zikaanza. Magunia yaliyokuwa chini ya turubai yakachipua, kisha yakaoza, harufu ikaingia mpaka ndani. Siku ya Jenifer ya kuripoti chuoni ikapita yuko jikoni. Na lori likaendelea kupita, likachimba mashimo, likabomoa mfereji, mpaka asubuhi moja ukingo wa kona ukatitia. Gurudumu la nyuma likazama, lori likainama na mawe yake, halisogei mbele wala nyuma. Dereva, kijana anayeitwa Jackson, akapanda hadi kwa Asteria amelowa chapachapa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Nimeambiwa una pembe ya kuita watu."

"Nilikupungia mkono, Jackson. Uliniona."

"Nilikuona, mama. Tumekatazwa kusimama."

Asteria akamtazama, akaishusha pembe ukutani, akapuliza. Watu wakaja bila kuuliza. Safari hii yeye ndiye aliyesema kabla jembe halijagusa ardhi.

"Mawe yote yashuke," akasema. "Yajaze mashimo waliyotuchimbia. Lori likishavuka kona, yanayobaki tujengee ukingo, tuirudishe kona kwenye upana wa Fuso. Na tangawizi iliyo nzima ipande kwenye lori."

Jackson akampigia simu bwana, akaweka sauti kubwa ili wote wasikie.

"Mama, hayo mawe ni mali ya watu," bwana akafoka. Upole wote ulikuwa umemwisha.

"Hata migomba yangu ilikuwa mali ya mtu. Na wewe ndiye uliyesema lori lisitembee tupu. Tulikupigia makofi."

Akamrudishia Jackson simu yake. Mawe yakashuka kwa mikono, mashimo yakajaa, lori likasukumwa likavuka kona. Nyuma yake mzee Filemoni akaanza kupanga ukingo, na Wilbard akaenda kulileta Fuso ili wapimie. Magunia ya watu yakapakiwa. Ya Asteria yalipofunguliwa, Jenifer alipekua moja baada ya jingine, na yaliyofaa kupanda yalikuwa machache mno.

Asteria akachukua gunia moja lililooza, linavuja maji meusi, akalibeba kifuani mpaka mbele ya lori. Akalikalisha kwenye kiti cha abiria, akalifunga mkanda.

"Hili ni la bwana wa mradi," akamwambia Jackson. "Mwambie Jenifer hajaenda chuo. Na usisimame njiani."