Askari wa Tano

Juzi nilikuwa mpakani Kasumulu kwenye intaneti kafe, nikisubiri barua yangu ichapwe. Vijana wanne walikuwa wanacheza ule mchezo wa bure wa kompyuta, wa vikosi viwili kuwindana kwa bunduki. Kompyuta ya tano ilikuwa imewashwa lakini kiti chake kitupu, na askari wake amesimama ukutani bila kusogea. Wenzake walimzunguka wakimkinga risasi. Walikufa mmoja mmoja, raundi baada ya raundi, yeye akabaki mzima.

"Huyu mbona hachezi?" dada wa kafe aliuliza.

"Mwenyewe tumemzika kule Ngana," kijana mmoja alijibu. "Ni yule aliyezama mto Songwe."

"Ndaga, poleni. Sasa mnamlinda ili iweje?"

Kijana hakugeuka. "Siku ile hatukuwepo, dada."

Nikatazama sakafu. Wao hawakuwepo. Sisi watu wazima tulikuwepo, tumejaa ukingoni, mtumbwi wa magendo ulipopinduka na yeye akaanza kupiga kelele. Tena tulijitosa majini wengi, na kwa haraka. Madumu ya mafuta ya kupikia aliyokuwa akivusha huelea vizuri.

Mimi nilipata mawili.