Kabla Hujafunga Anwani ya Zamani

Nakumbuka siku zile, mdogo wangu, nikiwa nimetoka chuo kikuu juzi tu, kila jambo naligeuza na kuligeuza kabla ya kuligusa. Wewe ndiye unayeipokea sasa seva hii, kompyuta inayotuma barua pepe za jumuiya yetu, kwa hiyo nisikilize, ingawa umri wangu bado si wa kutoa nasaha.

Jumuiya yetu ya Waislamu hapa Kigali hutangaza misiba kwa orodha ya barua pepe. Tangu mtu alipotangaza humo kuku wa kuuza, kila tangazo husubiri idhini ya Mzee Saidi, fundi cherehani wa Nyakabanda. Yeye huingia kwenye ukurasa wa wasimamizi kwa anwani aliyoihifadhi kwenye simu.

Niliombwa kuweka toleo jipya la programu ya orodha hiyo, nikaliweka vizuri. Ukurasa ule ukahamia anwani mpya. Kilichobaki ni kuiagiza seva impeleke huko kila anayekuja kwa anwani ya zamani. Mstari mmoja tu. Lakini kuna kumpeleka kwa muda, na kumpeleka daima, ambako simu hukukumbuka na ni vigumu kukufuta, nami nikaogopa kukosea. Nikasema nisome kwanza. Nikasoma siku nzima, na iliyofuata, bila kumwambia mtu.

Ndipo Bi Mwajuma, mwanajumuiya wetu wa siku nyingi, akafariki. Familia ilituma tangazo, ikaamini limefika kama siku zote, kumbe limekwama likisubiri idhini. Mzee Saidi alikuta ukurasa haupo.

"Nilijua uko kazini, injinia," aliniambia baadaye, "nikaona nisikusumbue." Jina hilo alinitania nalo siku zote. Safari hii hakucheka.

Wengi walipigiana simu. Bi Zuhura wa Gahanga hakupigiwa. Kila mtu alidhani amelisoma tangazo. Alifika maziko yamekwisha. Yeye na marehemu waliahidiana tangu usichana kwamba atakayebaki atamwosha mwenzake.

Nilikwenda kwake na maelezo marefu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia chai.

"Mwanangu, hayo ya seva siyajui. Mimi najua mikono yangu haikumgusa." Akanisogezea kikombe. "Umeshaitengeneza?"

Nikasema bado, nimeona nije kwanza kuomba radhi.

"Sasa chai yangu unainywa kwa nini?"

Nikafungua kompyuta palepale barazani pake, nikaandika ule mstari, wa kumpeleka kwa muda. Ukafanya kazi mara moja. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Basi, mdogo wangu, usifunge anwani ya zamani kabla hujaifungua wewe mwenyewe kwenye simu ya mtu anayeitumia, uone inampeleka wapi. Andika mstari unaotosha leo. Ulio bora utauandika kesho. Na unapoingiwa na shaka, mpigie mtu simu, hata kama utaonekana hujui. Mimi niliilinda heshima yangu, na Bi Zuhura akakosa kumuaga rafiki yake.

Mungu akupe wepesi wa kuuliza, na asikufanye sababu ya mtu kuchelewa kumuaga kipenzi chake.